Faida ipo, pesa iko wapi? Mhasibu anajibu maswali yenu

Maswali ya safari hii mengi yanalia kilio kimoja, kwa hiyo naanza na la huyu dada maana nikimjibu yeye nimewajibu kama nusu yenu.

Shikamoo mhasibu. Nina duka la vifaa vya umeme, huu mwaka wa tatu. Nauza vizuri na nikipiga hesabu faida naiona kila mwezi, lakini ikifika siku ya kulipa pango nakopa. Mdogo wangu anasema kijana wa dukani ananiibia. Nimfukuze?

Marahaba dada. Kijana muache kwanza, huenda hana kosa lolote. Watu wakiniletea madaftari yao neno la kwanza ni "naibiwa", na kweli wizi upo, ila mara nyingi pesa wala haijaibiwa, imelala tu mahali na mwenyewe hajui ni wapi.

Tuchukue mwezi mmoja, namba ni za mfano, we weka zako. Umeanza na keshi 5,000. Umeuza mali ya 10,000, mali hiyo uliinunua 8,000, pango na bili na mshahara wa kijana 1,200, faida 800. Safi si ndio? Sasa ngoja. Kwenye ile 10,000 kuna 3,000 umetoa kwa mkopo, fundi huyu, jirani yule, "nitaleta Ijumaa". Ukaongeza stoku ya 1,500 juu ya uliyokuwa nayo kwa sababu aliyekuuzia kakwambia bei inapanda. Rejesho la benki, ile sehemu ya deni lenyewe sio riba, 500. Na wewe mwenyewe ukachomoa 600 kidogo kidogo, dawa, ada, mchango, hukuandika popote. Haya, 5,000 jumlisha 800, toa 3,000, toa 1,500, toa 500, toa 600. Imebaki 200. Hakuna aliyeiba hata senti na pango la mwezi unaofuata unakopa.

Mhasibu hapo hakwambii faida yako ni kiasi gani, hiyo unaijua. Anakaa na wewe na lile daftari la madeni mnalipanga kwa umri, ya mpaka siku 30, ya 31 mpaka 60, ya 61 mpaka 90, na yale yaliyozeeka kabisa. Utashtuka, kwa sababu kichwani madeni yote yanafanana ila yakikaa kwenye karatasi unakuta watu wawili watatu ndo wamekalia nusu ya mtaji na bado unawaongezea mali. Hao unaanza nao kesho asubuhi, sio kwa ugomvi, unapiga simu unataja kiasi na tarehe aliyochukua, mdaiwa akisikia tarehe anajua huyu kaandika. Afu unaweka sheria, ambaye hajamaliza la zamani hachukui jipya hata akiwa shemeji. (Mashemeji ndo balaa jamani, naongea kwa uzoefu.)

Na ujilipe mshahara, kiasi kimoja tarehe moja, kiandikwe kama cha kijana, ukiisha umeisha. Kuhusu kijana mwenyewe, mhesabu stoku pamoja kila mwisho wa mwezi, stoku ya mwanzo ongeza ulichonunua toa kilichouzwa, kinachobaki kwenye hesabu ndo kiwepo kwenye rafu. Kikipungua, hapo sasa tuongee habari zake.

Mhasibu, duka la pembeni wameshusha bei 10% na wateja wanahamia huko. Mi naweka faida 20%, nikishusha kama wao si bado nabaki na 10%?

Kaka hiyo 20 ni ya nini, ya bei ya kununulia au ya bei ya kuuzia? Wengi hawajui na hapo ndo wanapoumia. Kama unanunua 80 unauza 100, hiyo ni 20% ya bei ya kuuzia, ukishusha 10% unauza 90, faida imetoka 20 mpaka 10, maana yake lazima uuze mara mbili ili upate kilekile cha zamani. Lakini kama unachukua 80 unaongeza 20% yake, unauza 96, ukishusha 10% unauza 86.40, faida imetoka 16 mpaka 6.40. Palipokuwa panatosha vipande 100 sasa unatakiwa uuze 250! Mteja anachekelea, we unabeba mizigo. Shusha bei ya kitu kimoja au viwili ambavyo watu wanalinganisha sana, vingine acha.

Ninunue programu ya mahesabu au daftari linatosha?

Linatosha, kama utaandika siku hiyo hiyo. Mwaka 1494 huko Venice mtawa mmoja wa Italia, Luca Pacioli, alichapisha utaratibu wa wafanyabiashara wa pale wa kuandika kila muamala pande mbili, ndio huo huo uliojificha ndani ya programu za leo. Na daftari lao la kwanza lilikuwa la kuandika tu kila kinachotokea kadiri kinavyotokea, kupanga baadaye. Programu haikumbuki risiti uliyoiacha mfukoni ikafuliwa na suruali.

Nimepata mkopo wa riba 20% tu kwa mwaka, nalipa kila mwezi. Nisaini?

Usisaini bado. Uliza riba inapigwa kwenye deni lote au kwenye salio linalopungua. Ukikopa 1,200 wakapiga 20% ya deni lote, riba 240, unalipa 120 kila mwezi kwa miezi 12. Lakini 1,200 hukukaa nayo mwaka mzima, kila mwezi umerudisha kipande, mwezi wa mwisho umebaki na deni dogo sana na riba unalipa ileile kama ya mwezi wa kwanza. Ukiipiga kwa salio linalopungua hiyo ni kama 35% kwa mwaka. Waambie wakuchapie jedwali la marejesho mwezi kwa mwezi pamoja na ada na bima wanazokata juu, afu mpelekee mhasibu wako kabla kalamu haijagusa karatasi.