Fallout ya 1997: bado inafaa?

Ndugu, umeuliza kama Fallout ya kwanza, ile gemu ya kompyuta ya dunia baada ya vita ya nyuklia, bado inafaa kuchezwa leo, na kama laptop yako ya zamani itaiweza. Laptop isikusumbue kichwa, gemu hii ni nyepesi. Icheze.

Picha zimechakaa, hilo halina ubishi. Utamu wake uko kwenye uhuru. Unatumwa nje ya handaki ambalo watu wako wamejificha, kutafuta kifaa cha kusafisha maji, una siku 150 za ndani ya gemu, na hakuna mshale wa kukuonyesha njia. Ukitengeneza mhusika mwenye akili chini ya 4 kati ya 10, mazungumzo yanageuka: anaguna tu, na watu wanamjibu kama mtoto. Kwa upande wa pili, mwenye ulimi mzuri anaweza kummaliza adui mkuu kwa hoja, bila risasi hata moja. Gemu ngapi za leo zinakuachia hivyo?

Alama zako za ujuzi ziweke kwenye bunduki ndogo na kuongea. Sevu mara kwa mara, kwenye nafasi tofauti. Na ukimchukua Ian, mwenzako wa kupigana naye, usisimame mbele ya bunduki yake. Jamaa atakutoboa mgongo.