Kwa nini mbegu moja ya tangawizi huzaa tofauti

Umeuliza kwa nini tangawizi uliyoitoa milimani Same, ambako ilizaa vizuri, imedumaa ulipoipanda tambarare. Kwa kuwa zao hili huoteshwa kwa vipande vya tunguu, yaani shina nene la chini ya ardhi, na si kwa mbegu halisi, mimea yako ina urithi uleule, hivyo chanzo kikubwa ni mazingira. Tangawizi hutaka joto la wastani, mvua ya kutosha na udongo tifutifu wenye mboji. Udongo mzito huzuia tunguu kutanuka, na maji yakituama tunguu huoza kabla ya kukomaa.

Aina nayo ina uzito wake: ya Jamaika husifiwa kwa harufu laini, ya Nijeria kwa ukali, na ya Cochin nchini India kwa harufu inayokaribia ya limau. Ikivunwa mapema, katika miezi 5 hadi 7, huwa na nyuzi chache, ilhali ya miezi 8 hadi 10 hufaa kukaushwa, na katika kukauka sehemu ya jinjeroli, kemikali inayoipa tangawizi ukali, hugeuka kemikali nyingine iitwayo shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Nakusihi ujaribu matuta yaliyoinuliwa, samadi iliyooza vizuri na matandazo kabla ya kugharamia mbegu nyingine.