Kwa mwenye mkanda mweupe: jifunze kukaa chini kabla ya kupiga kabali

Karibu kila anayeanza jiu-jitsu ya Kibrazili huuliza swali lilelile wiki ya kwanza: "Kocha, leo tunajifunza kabali gani?" Nalielewa swali hilo. Umetazama pambano, ukaona mtu mzito akigonga mkeka, ishara ya kukubali kushindwa, kwa sababu ya mkono mmoja tu uliopita shingoni, nawe unautaka mkono huo. Lakini nimefundisha wapya wa kutosha kuona kwamba wanaodumu ni wale wanaojifunza mapema kuwa chini ya mtu mzito bila kuhangaika. Kabali zitakuja zenyewe.

Miezi ya mwanzo utakuwa chini, hilo halikwepeki. Kila mtu darasani, hata binti mwembamba mwenye mkanda wa bluu, atakuangusha, atavuka miguu yako na kukulalia. Mgeni akilaliwa hivyo hubana pumzi, hufumba macho, husukuma kwa nguvu zake zote, na baada ya dakika moja hana kitu tena. Kilichomshinda hapo ni pumzi yake mwenyewe.

Tuchukue hali moja tuitazame kwa karibu: kubanwa ubavuni. Umelala chali, mwenzako amekulalia kifuani kwa mshazari, bega lake linakandamiza taya lako. Utatamani kunyoosha mikono yote miwili umsukume. Usithubutu, maana mkono ulionyooka ndio anaoungoja aliye juu. Kunja viwiko. Mkono ulio upande wa kiuno chake, laza mfupa wa chini ya kiwiko kwenye nyonga yake. Mkono wa pili uingize chini ya kidevu chake, mfupa ukae shingoni mwake. Sasa acha mifupa ibebe uzito wake, misuli ipumzike, nawe vuta pumzi kwa pua. Ukishatulia, kanyaga chini kwa nguvu, inua nyonga ghafla, na kabla uzito wake haujarudi geukia upande alipo, rudisha makalio nyuma, pitisha goti la chini kati ya tumbo lako na lake. Nafasi ya upana wa kiganja inatosha kwa goti kupita. Goti likishapita, umerudi kwenye gadi: uko chini bado, ila sasa miguu yako ipo kati yenu na mchezo umeanza upya.

Ukilirudia hilo hadi mwili ulizoee, utagundua kwamba umejifunza mengi kuliko ulivyodhani. Kiwiko kikiwa karibu na goti, aliyekukalia kifuani hapati pa kupenya, na njia ya kutoka ni ileile ya kuteleza nyonga na kuingiza goti. Kiwiko kikiwa mbali na mbavu, milango yote iko wazi: atakunja mkono wako mgongoni, ataunyoosha kiwiko kati ya mapaja yake, au atakupiga kabali ya miguu huku mkono wako mmoja ukiwa ndani na mwingine nje. Mbinu hizo tatu zina majina tofauti na huonekana tofauti kabisa, lakini zote huanza na kiwiko kilichotoka nyumbani. Kwa hiyo ukishindwa raundi, usimuulize mwenzako jina la mbinu aliyokumaliza nayo. Muulize kiwiko chako kilitoka lini.

Ile ya kukunja mkono mgongoni inaitwa kimura, kwa jina la Masahiko Kimura, mpiganaji wa judo kutoka Japani. Mwaka 1951, mjini Rio de Janeiro, alipambana na Hélio Gracie, mmoja wa waanzilishi wa jiu-jitsu ya Kibrazili, aliyekuwa mdogo kwake kwa umbo. Kimura aliukunja mkono wa Hélio ukavunjika, Hélio akakataa kugonga, na kaka yake Carlos ndiye aliyerusha taulo kukatisha pambano. Watu huisimulia hadithi hiyo kama sifa ya ujasiri, nami naiheshimu. Lakini lile lilikuwa pambano la hadhara mbele ya umati. Wewe uko mazoezini jioni, kesho una kazi au shule, na mkono huo unakulisha.

Basi gonga mapema. Gonga mwili wa mwenzako, si mkeka pekee, ahisi. Mikono ikiwa imebanwa, sema kwa sauti. Kabali iliyokaa sawasawa hubana mishipa ya pande zote mbili za shingo, na mtu huweza kuzimia ndani ya sekunde chache bila kuhisi maumivu makali. Kuzungusha kisigino cha mwenzako ni hatari kwa namna nyingine: kano za goti huweza kuharibika kabla maumivu hayajakuonya, ndiyo maana kanuni za shirikisho la kimataifa, IBJJF, haziruhusu mbinu hiyo kwa mikanda myeupe. Darasa linalomruhusu mgeni aifanye kwa kasi, ondoka.

Kanuni hizo hizo zitakufundisha mchezo unathamini nini. Kumwangusha mtu ni alama 2, kumpindua ukitokea chini 2, goti tumboni 2, kuvuka gadi 3, kumkalia kifuani 4, kumshika mgongoni 4. Nafasi inayomwacha mwenzako bila la kufanya ndiyo yenye alama nyingi, na ndiyo hiyo kabali hupatikana kwa urahisi. Anayerukia shingo akiwa bado amenaswa kati ya miguu ya mwenzake huchosha mikono yake bure.

Mkanda usikusumbue. Kwa kanuni hizo, mtu hukaa na wa bluu angalau miaka 2 kabla ya kupata wa zambarau. Huu ni mwendo wa miaka, na kila mwenye mkanda mweusi amelaliwa kuliko utakavyolaliwa wewe.

Usafi nitausema kwa ufupi, lakini nauweka pamoja na mbinu. Fua gi, yaani vazi la mazoezi, kila baada ya zoezi, kata kucha, vaa kandambili uendapo msalani, na ukiona choa au kidonda cha usaha kaa nyumbani hadi upone. Choa cha mmoja huwa cha darasa zima.

Sasa neno kwa ninyi mlioanza kuwasaidia wapya. Msiwamwagie mbinu tano kwa saa moja. Mpe mgeni tatizo moja: umebanwa ubavuni, ingiza goti. Aanze hapo, mwenzake amzuie kwa nguvu kidogo tu, akifaulu warudie, akishindwa warudie. Nguvu iongezwe kadiri anavyozoea. Mbinu iliyofanywa kwa mtu asiyepinga hupotea siku ya kwanza anapopingwa, nami sioni faida ya kuirudia hivyo mwezi mzima. Makosa yake yakiwa sita, rekebisha lile linaloyazaa mengine. Mara nyingi ni pumzi au kiwiko.

Tena, msiwakutanishe wageni wawili wenye hofu peke yao. Kila mmoja atapigania roho yake na atakayeumia hatajulikana hadi aumie. Mpeni mgeni mtu mtulivu wa mkanda wa juu. Na mwanamke akisema hayuko tayari kupambana na mtu fulani, asiulizwe sababu.

Wewe mgeni, darasa lijalo mwombe mmoja wa hao watulivu akulalie ubavuni, aweke uzito halisi, asishambulie. Kaa hapo raundi nzima. Kazi yako ya kwanza ni kupumua kwa pua hadi moyo utulie, ya pili ni kuweka mifupa mahali pake. Goti liingize mwishoni, ukiwa tayari, kisha muombe akulalie upande wa pili.