Barua kwa mwanangu: yale majina 26

Mwanangu mpendwa, mwangaluka.

Voisi yako ya Jumapili nimeisikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa kwa fundi baiskeli, kelele tupu, sikushika kitu. Mara ya pili na mama yako, akasema huyu mtoto anauliza maswali ya babu yake. Mara ya tatu peke yangu usiku pale chini ya mwembe. Umeuliza demokrasia ikishaanza kudorora inaweza kutengenezwa au ndo imeshakwenda hiyo, na historia inasemaje, maana kazini kwenu mmebishana mpaka chai ikapoa, wengine wanasema haijawahi kutokea popote, wengine wanasema tusubiri Mungu atuletee viongozi wazuri.

Mi naomba nianzie ninapopajua, yani inaharibikia wapi. Msimamo wangu unaujua, nimeusema mpaka kaka yako ananiigiza: chama kinaanza kufia kwenye daftari la mihtasari. Kabla hujasikia makelele bungeni, kabla hujaona maaskari barabarani, kuna mtu kakaa mahali na kalamu anaandika kitu ambacho hakikutokea. Nalisema hilo kwa sababu kalamu hiyo nimewahi kuishika mimi. Hadithi yenyewe nyie watoto mmeisikia nusu, ile nusu ya mwenyekiti na pikipiki yake kuzama mtoni. Nusu nyingine sijawahi kuwaambia.

Ni mwaka 1999, mwaka mmoja baada ya bani letu, lile banda la kukaushia, kuungua na tumbaku yote ndani. Mi ndo katibu wa chama cha msingi cha ushirika wa wakulima wa tumbaku. Masharti ya chama yanasema mwenyekiti vipindi viwili basi, na vya kwake vimeisha. Sasa alikuwa mtu mzuri, hilo nalisema mpaka leo, mbolea inafika kwa wakati, mizani haina maneno, ukifiwa yeye wa kwanza kufika na gunia la mahindi. Nani alitusaidia mabati tulipounguliwa? Kwa hiyo tukasema kwa nini tumwachie mtu kama huyu aende, tubadilishe masharti tu, si ni yetu wenyewe. Mkutano mkuu ukaitwa. Wanachama tulikuwa 212, akidi, yani idadi ya chini ya kufanya mkutano, 107. Siku hiyo mvua imenyesha tangu alfajiri na kijiji cha jirani kuna msiba, wakaja 81.

Mwenyekiti akainama akaniambia sikioni, "Katibu, malizia mahudhurio." Malizia. Hakusema ghushi, hakusema danganya, hakunitisha. Nikaingia ghalani nikachukua leja ya wanachama nikaanza kunakili majina, tena nikichagua, wajane, wazee, wasiojua kusoma, wale niliojua hawatakuja kuuliza. Nikaandika 26. Kwenye safu ya sahihi nikaweka dole gumba langu mwenyewe, nikibadilisha kidole kila baada ya mistari miwili mitatu, kulia, kushoto, alafu nikaenda kunawa wino kwenye dumu la maji ya mvua. Nikatoka nikatangaza akidi imetimia. Mzee mmoja alisimama akasema "mimi hapana", akakaa. Mi nikaandika imepitishwa kwa kauli moja.

Wiki mbili baadaye akaja yule bibi aliyekuwa anauza matobolwa, vile viazi vitamu vya kukausha, njia ya stesheni, utakuwa unamkumbuka, alikuwa anakuongezea kila ukipita. Alikuwa mwanachama kwa shamba la marehemu mumewe. Kaja na mjukuu wake wa darasa la sita, akaomba daftari. Kwa masharti ni haki yake, nikampa, nikijua hasomi, ila mtoto sikumfikiria. Mtoto akasoma taratibu jina moja moja akafika namba 99, akasoma jina la bibi yake. Bibi akauliza "wapi?" Mtoto akamshika kidole akakiweka juu ya jina. Bibi akakiacha pale muda, akatazama ile alama ya wino pembeni, akalaza dole gumba lake juu yake, lile dole lililovunjika kucha kwa jembe, likaifunika yote na pembeni likazidi. Akaniambia, "Mwanangu, mi siku hiyo nilikuwa namzika dada yangu." Akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kama unavyompa mtu unayemheshimu. Angenitukana nadhani ningelala.

Ndo maana mambo ya Ujerumani yananiuma kuliko yanavyowauma hao wenzako wa kazini. Wao watakwambia Hitler alishika nchi kwa mabavu, na mabavu yalikuwepo kweli, lakini angalia kilichotokea Machi 23, 1933. Alitaka sheria ya kuipa serikali yake mamlaka ya kutunga sheria bila Bunge, na sheria hiyo ilihitaji theluthi mbili ya wabunge wawepo. Wakomunisti walikuwa wamekamatwa au wamekimbia, na wengine wakisusa akidi inavunjika. Wakafanyaje? Wakabadilisha kanuni, kwamba mbunge asiyekuwepo bila udhuru ahesabiwe yupo. Asiyekuwepo ahesabiwe yupo! Nilipofika hapo kitabu nilikifunga nikatoka nje. Ikapita kwa kura 444 dhidi ya 94, na hao 94 wote ni wa SPD, chama cha Social Democrats. Angalau hao waliandikwa. Mzee wangu wa "mimi hapana" sikumwandika. Na kutengenezwa ilitengenezwa, upande wa magharibi walipata katiba mpya 1949, lakini baada ya vita na mamilioni ya watu kufa, sasa hayo sijui kama ni matengenezo au ni kujenga upya kwenye majivu.

Kwa hiyo ukiniuliza mfano wa kutengeneza nitakupeleka India. Juni 12, 1975 Mahakama Kuu ya Allahabad ilisema waziri mkuu Indira Gandhi alivunja sheria ya uchaguzi. Usiku wa Juni 25 rais akasaini hali ya hatari, baraza la mawaziri wanakuja kuambiwa asubuhi, jambo limeshaisha. Watu wakafungwa, magazeti yakabanwa, miezi 21. Machi 1977 wananchi wakapiga kura wakamwangusha mpaka jimboni kwake. Sasa hapo wengi wanaishia kushangilia, mi napenda kilichofuata, kitu kidogo hata hakisemwi. Mwaka 1978, kwenye marekebisho ya 44 ya katiba, wakaandika kwamba rais hawezi kutangaza hali ya hatari mpaka apelekewe uamuzi wa baraza la mawaziri kwa maandishi. Kwa maandishi, mwanangu! Walijua ufa uko wapi. Na Indira mwenyewe akarudi 1980, kwa kura, na huo ufa haukuzibuliwa kwa ajili yake.

Malawi wao ilikuwa wazi zaidi. Uchaguzi wa Mei 2019, fomu za matokeo zikakutwa zimepakwa Tipp-Ex, ule wino mweupe wa kufutia, tarakimu mpya juu ya zile za zamani. Watu wakaandamana miezi na miezi, kesi ikaenda, na Februari 3, 2020 majaji watano wakafuta matokeo. Juni ukarudiwa, Chakwera wa upinzani akashinda. Alafu 2025 Wamalawi haohao wakamwondoa Chakwera wakamrudisha yuleyule Mutharika aliyetangazwa mshindi 2019, naye Chakwera akakubali. Kaka yako alicheka, akasema sasa walihangaika nini. Mi nikamwambia walihangaika ili wakitaka kukosea wakosee wenyewe, wasikosewe na mwenye Tipp-Ex.

Lakini hapo hapo nafsi yangu inanibishia. Maana sisi watu wa Tabora tuna kumbukumbu yetu. Januari 1958 TANU walikutana hapa, mkoloni kaleta kura tatu, yani ukitaka kupiga kura lazima umchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mhindi mmoja. Wengi walifika wakitaka kususia. Nyerere akawashawishi waingie hivohivo na sheria mbovu, Zuberi Mtemvu akakataa akatoka kuanzisha chama chake, na TANU wakashinda kwa sheria ileile iliyotungwa iwabane. Babu yako alikuwa anaisimulia kama vile alikuwa amekaa viti vya mbele, na ndo maana Uamuzi wa Busara, kama unavyoitwa, kwetu hapa si jina la mnara tu. Kumbe inawezekana, ukiwa ndani ya nyumba mbovu unaitengeneza kwa mbao zake zenyewe. Ehe, na 1965? Si haohao walioshinda kwa kura ndo walioandika kuwa chama ni kimoja? Alafu 1991 ikaja tume ya Jaji Nyalali kuuliza watu, karibu 80 kati ya kila 100 wakasema tubaki na chama kimoja, na tume ikashauri vyama vingi, na 1992 vikaja. Sasa niambie hapo demokrasia ilitengenezwa na nani, na wale wengi waliosema hapana tuliwahesabu au tuliwafanya kama nilivyomfanya mzee wangu? Nimeliwaza hili miaka. Siku nyingine naona tume ilifanya sawa, maana wachache lazima wapate pa kusimama hata kama wengi hawataki. Siku nyingine silali nalo.

Na ushirika wenyewe. Serikali ilivifuta vyama vikuu 1976, sheria ya 1982 ikavirudisha. Babu yako alikuwa ametunza stakabadhi zake za hisa kwenye kopo la maziwa miaka yote ile. Walipokuja kumwambia mzee umekuwa mwanachama tena, akauliza, "Nani kanipigia kura?" Wakacheka. Hakuhudhuria mkutano hata mmoja mpaka anakufa, na kopo mnalo nyie. Kwa hiyo sheria inarudi kwa siku moja, mtu harudi kwa siku moja, hicho ndo ningewaambia wenzako wanaosubiri viongozi wazuri.

Maana chetu hakikuponywa na kiongozi mzuri. Yule mzuri alikaa miaka sita ya ziada, na si kwamba aligeuka shetani, ila hakuna aliyemuuliza tena kitu, na mimi ndo nilikuwa naandika. Mikopo ya pembejeo ikazidi, waliokopa hawakulipa, benki ikakata kwa wote kwa sababu tulidhaminiana. Yule bibi alipeleka mitumba yake mitatu ya tumbaku sokoni akapewa karatasi imeandikwa sifuri. Akaweka dole gumba, la kwake kweli safari hii. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale.

Tukabadilisha viongozi mara mbili, daftari likabaki lilelile. Kilichobadilisha ni yule mjukuu, alimaliza fomu foo akarudi kulima, akasimama kwenye mkutano akasema kabla ya ajenda yoyote mahudhurio yasomwe kwa sauti jina moja moja na kila mtu aitike "nipo", na asipoitika akatwe kwa kalamu nyekundu mbele ya watu. Walimzomea, mkutano unaongezeka lisaa lizima, watu wana njaa. Mara ya kwanza nilipoisikia, 2012, majina yanasomwa, nipo, nipo, kimya, kata, nipo, nilishindwa kukaa, nikaenda kusimama nyuma ya ghala. Siku hizi hakuna anayelalamika. Wezi bado wapo, usidhani, mwaka jana tu tumefukuza mtunza ghala. Lakini aliyezikwa hapigi tena kura kwetu.

Kwa hiyo inawezekana? Mdomo unaniwasha kusema ndiyo, mwanangu, nimeshaliandika mara mbili nikalifuta, maana nikisema ndiyo naona kama najisamehe mwenyewe kwa haraka. Ya hapa kwetu uliyoyataja mwisho wa voisi yananiuma pia, hayo tutaongea ukija.

Jumamosi ni mkutano mkuu. Mi siku hizi mwanachama tu, ila nimeomba kwa katibu, ambaye ndo huyohuyo mjukuu, nipewe nafasi kwenye mengineyo niyasome yale majina 26 kwa sauti na niseme nani aliyaandika. Nimeyanakili jana. Walio hai ni saba. Bibi alifariki 2011, sikuwahi kumwomba radhi, nilikuwa nanunua matobolwa yake na kumwachia chenji. Mama yako hataki, anasema nitawaaibisha nyie watoto kwa jambo ambalo watu wameshalisahau, na wewe ndo mwenye ndoa mwezi wa nane, wakwe watasikia. Sitaki kulifanya bila wewe kujua. Nipigie kabla ya Ijumaa jioni, usitume voisi, nataka nikusikie.

Michembe na lita mbili za asali nimempa shangazi yako, anapanda treni kesho, mpokee stesheni.

Baba yako.