Jibu kwa aliyeuliza kuhusu kostiki soda: sufuria kuchemka bila moto, na kuzibua sinki

Mkuu, umeuliza kwa nini sufuria ilichemka yenyewe ulipokorogea kostiki (ile soda kali ya kutengenezea sabuni), na kama chenga zilizobaki zinafaa kuzibulia sinki. Mimi natengeneza sabuni za miche kwa mawese ya Kigoma, kwa hiyo kitu hiki nakishika mara kwa mara.

Sufuria yako ni ya alumini, na kostiki inaila alumini. Yale mapovu ni gesi ya haidrojeni, cheche ndogo tu inatosha kuiwasha. Kama jiko la mkaa lilikuwa karibu, mshukuru Mungu. Tumia ndoo ya plastiki ngumu na ukorogee nje, maana mchanganyiko wenyewe unaweza kupanda hadi nyuzi 80 bila moto wowote.

Tanguliza maji, kisha kostiki kidogo kidogo. Ukimwaga maji juu ya chenga, yanachemka papo hapo na kukurukia usoni. Kijana mmoja niliyekuwa namfundisha alilijua hilo vizuri, ila jasho lilimkera akavua miwani, tone likaingia jichoni. Tulimshikilia chini ya bomba karibu nusu saa huku akipiga kelele, ndipo tukampeleka hospitali. Daktari alisema maji yale ndiyo yaliyoliokoa jicho. Kostiki inazidi kuzama ndani kadiri inavyokaa mwilini, na kwenye ngozi mwanzoni unaweza usisikie maumivu, unahisi utelezi tu. Utelezi huo ni mafuta ya ngozi yako yanageuka sabuni!

Kwenye vipimo ndipo wengi wanapoharibu. Achana na mapishi ya "vikombe viwili", nunua mizani. Kilo moja ya mawese inahitaji takriban gramu 142 za kostiki ili yote igeuke sabuni. Kilo ya mafuta ya mise, yaani yanayokamuliwa kwenye kokwa za mchikichi, inahitaji takriban 176. Mimi hupunguza asilimia 5, kwa hiyo mawese nayapa 135. Mtu anachukua kipimo cha mise anakitia kwenye mawese, sabuni inachubua mikono ya wateja, halafu analaumu rangi. Na mfuko ukiachwa wazi, chenga zinavuta unyevu na hewa ukaa, nguvu inapungua, hapo hata mizani haikusaidii.

Sinki? Inafanya kazi kama kilichoziba ni mafuta ya jikoni au nywele. Mchanga, kitambaa au kipande cha plastiki haikigusi. Mimi ningeanza na waya. Ukishamwaga kostiki, usiongeze dawa ya choo yenye asidi, itakurukia. Na maji yasiposhuka, fundi atakayekuja kufungua bomba aambiwe kabla hajaweka mkono.

Hizo chenga zilizobaki zirudishe kwenye kopo lenye mfuniko mgumu, liandikwe, likae juu kabisa. Kuna maduka yanayokupimia kostiki iliyoyeyushwa ndani ya chupa za maji ya kunywa. Mimi sinunui kwao. Mtoto anaona maji. Akimeza, koo linaungua, na hata likipona linaweza kubana hadi chakula kisipite. Usimtapishe, usimpe siki wala limau eti ikate makali. Asukutue mdomo kwa maji, na mkimbizeni hospitali pamoja na hiyo chupa.