Stelingi kwa stelingi: maswali yenu ya Avengers, X-Men na wenzao

Wiki mbili hizi simu yangu haina raha, kila nikiiweka chini inalia, na kisa chenyewe ni kuwa nilisema Cyclops, kiongozi wa X-Men, kaonewa kwenye vita yao na Avengers, timu mbili za mashujaa wa vitabu vya katuni vya kampuni ya Marvel ya Marekani. Haya, nimeyaona maswali yenu, nimechukua sita, walobaki msininunie.

Msomaji wa Wete: Kaka mie siwaelewi hawa watu, wote wema, wote wanaokoa dunia, mbona kila siku wanatwangana wenyewe kwa wenyewe? Maadui wamekwisha?

Hawajakwisha ndugu yangu, ila adui hana utamu. Ukimuona Captain America anamtandika jambazi mwisho wake unaujua hata hujafunua ukurasa wa pili, si stelingi hafi? Sasa mtie stelingi na stelingi, wote umewapenda tangu mdogo, hapo ndo roho inadunda. Na hii si ya leo wala jana. Mwaka 1973 bwana mmoja Steve Englehart aliwapiganisha Avengers na Defenders, timu nyengine ya mashujaa wa Marvel, akaikatakata hadithi ikawa nusu iko kwenye kitabu cha hawa na nusu kwenye cha wale, yaani ukinunua kimoja lazima ukatafute na chengine, biashara hiyo. Na waliowachonganisha walikuwa maadui wawili, Loki na Dormammu. Ndo ilivyo mara nyingi, wanakutana, hawaelewani, wanatwangana, wanagundua kumbe kuna mtu katia fitna, wanashikana mikono. Kama Mwaka Kogwa pale Makunduchi watu wanavyochapana kwa migomba, wanatoa ya moyoni, halafu wanakwenda kula. Tofauti ni kuwa Makunduchi yanakwisha siku ile ile, hawa Marvel wanakuburuza miezi sita na kila mwezi unatoa pesa.

Vijana wawili wa Jang'ombe: Ile vita ya Avengers na X-Men ya 2012 nani alishinda? Tumewekeana bakuli la urojo.

Mmenitafuta nyie. Kwanza kwa ambao hawajasoma: matoleo 12, kuanzia Aprili mpaka Oktoba 2012. Kuna kitu kinaitwa Phoenix, nguvu ya moto inayotembea angani na ikipita kwenye sayari inaacha majivu, sasa inakuja duniani na inamtaka msichana mmoja anaitwa Hope. Captain anasema tumchukue mtoto tumuweke pahala salama kabla hatujaungua sote. Cyclops anasema hapana, na hapa lazima umuelewe, maana miaka saba nyuma, 2005, Scarlet Witch alitamka maneno matatu tu na mutanti, yaani watu waliozaliwa na vipawa kama X-Men wenyewe, karibu wote duniani wakapoteza nguvu zao, wakabakia kama mia mbili hivi, watoto hawazaliwi tena na vipawa, kabila zima linangoja kufa. Cyclops anaiona Phoenix ndo mlango pekee uliobaki. Na Scarlet Witch mwenyewe ni mtu wa Avengers! Halafu Captain anakuja ufukweni kwake Utopia, kisiwa cha X-Men, na meli ya kivita inaelea juu mawinguni, eti nimekuja kuzungumza. Nani anakuja kuzungumza na jirani kachukua panga?

Kilichofuata mnakijua, Tony Stark, yule Iron Man wa Avengers, akaipiga Phoenix na mtambo wake ikapasuka vipande vitano, ikawaingia Cyclops, Emma Frost, Namor, Colossus na Magik, wote watu wa X-Men. Mwanzo wakafanya mema, maji, chakula, umeme wa bure kwa dunia nzima. Lakini nguvu ile ni kama deni, inakula taratibu. Namor akaizamisha Wakanda, nchi ya Afrika ya humo vitabuni. Toleo la 11 Cyclops akamuua Professor X, mzee alomlea tangu kijana. Ukurasa ule mie niliusoma nimekaa kwenye daladala ya Fuoni nikapitishwa kituo changu, nikashuka mbele nikarudi kwa miguu na jua lile la saa nane.

Sasa hukumu. Ulingoni Avengers wameshinda, Cyclops kaishia jela. Lakini mwisho wake Hope na Scarlet Witch ndo walioizima Phoenix na mutanti wakaanza kuzuka upya dunia nzima, yaani kile kile alichokuwa anakisema Cyclops tangu toleo la kwanza. Kwa hiyo ngumi za Avengers, hoja ya X-Men, na mikono ya Cyclops ina damu ya mzee wake hata akiwa na haki vipi. Kila mmoja amnunulie mwenzake, na bakuli la tatu nileteeni mie nitie bhajia za kutosha.

Kutoka Chake Chake: Civil War niliiona filamu tu, kitabu kimetofautiana? Na wewe uko kwa Tony au kwa Captain?

Mbali kabisa ami, ingawa kote ni mashujaa wenyewe kwa wenyewe, Tony upande huu, Captain upande ule. Filamu ya 2016 wako sita kwa sita uwanja wa ndege Ujerumani, ugomvi mkubwa ni wa Bucky, rafiki wa zamani wa Captain, mambo ya urafiki na kisasi. Kitabu, cha Mark Millar na mchoraji Steve McNiven, matoleo saba 2006 mpaka 2007, kinaanza na vijana mashujaa wanaotengeneza kipindi cha televisheni, wanavamia nyumba ya majambazi ili wapate watazamaji, jambazi mmoja Nitro analipuka karibu na skuli, mamia wanakufa na watoto ndani yake. Serikali ya Marekani ikasema basi, kila mwenye nguvu ajiandikishe jina lake la kweli, afunzwe, awe kama askari. Tony akasema sawa. Captain akasema leo unaandikisha jina, kesho wanakwambia nani ni adui.

Mie nilianza kwa Tony, wallahi. Niliona mtu kama yule mama aliyefiwa mwanawe anayemtemea Tony mate usoni ana haki ya kuuliza nani anawasimamia nyie. Kilichonihamisha ni toleo la 4. Tony na wenzake wametengeneza bandia ya Thor, shujaa wa radi wa Avengers, na yule Thor akampitisha radi kifuani Goliath, shujaa wa upande wa Captain. Goliath alikuwa katanuka jitu zima na hawakujua namna ya kumrudisha, akazikwa vile vile alivyo, kafungwa minyororo, kaburi lake limekula nafasi ya makaburi mengi. Ule mchoro wa maziko uangalieni vizuri, watu wamesimama kama sisimizi pembeni ya shimo. Nikasema hapa mzee Tony umepoteza njia.

Lakini na Captain asijitoe. Toleo la mwisho kamlaza Tony chini, kanyanyua ngao ammalize, wakamrukia watu wa kawaida, wazima moto na watu wa gari la wagonjwa, wakamshika mikono. Akatizama mji ulivyovunjika. Akavua kofia akajisalimisha, na alikuwa anashinda! Wengine wanasema mwisho mbovu, mie naona ndo pahala pekee kwenye vita zote hizi ambapo stelingi kaangalia nani anaumia. Kwa hiyo niko kwa Captain ila wa ukurasa ule, si wa kabla.

Msomaji mwengine: Superman na Thor nani mkali? Jibu fupi tafadhali.

Superman, kwa tabu. Iko kwenye kitabu cha 2003 cha JLA, timu ya Superman ya kampuni ya DC, na Avengers wa Marvel, alimlaza Thor halafu Avengers wengine wakamvamia kwa pamoja. Kitabu chenyewe George Pérez alishaanza kukichora miaka ya themanini, kampuni mbili zikagombana, kikakaa miaka ishirini. Yaani ugomvi wa wenye vitabu ulikuwa mrefu kuliko wa mashujaa.

Mama mmoja wa Mwanakwerekwe: Mwanangu hasemi na binamu yake kwa sababu ya hizo timu, upuuzi gani huu? Na yule mwanamke wa nywele nyeupe eti wa kwetu?

Shikamoo mama. Upuuzi ndio, lakini tusiwaonee watoto, bibi zetu hapa Unguja walikuwa na vikundi vyao vya taarab vya wanawake, kimoja kinaitwa Royal Air Force na chengine Royal Navy, na mipasho yake ilikuwa si ya mchezo. Majina hayo tu ukiyatia kwenye katuni yanauza. Waache siku mbili tatu, ukipika biriani wataongea.

Yule wa nywele nyeupe ni Storm, jina lake Ororo, mama yake Mkenya, baba Mmarekani, kakulia Cairo kisha akaja kwa miguu mpaka Kenya. Kaanza kuonekana 1975. Wa kwetu wa karibu basi. Mwaka 2006 aliolewa na mfalme wa Wakanda, Black Panther, na ile vita ya 2012 ndo iliyovunja ndoa yake, mume yuko Avengers, mke X-Men, mji wa mume umezamishwa na mtu wa upande wa mke. Hapo hata mashangazi wangekaa kikao wasingeweza.

Kijana ambaye jina lake nalihifadhi: Kaka, kile kitabu cha Civil War ulichoniazima Ramadhani ya mwaka juzi bado ninacho, ila toleo la 7 limemwagikiwa chai ya maziwa na kurasa zimegandana. Nikulipe?

Kumbe ni weye! Na mie namshuku mtu mwengine kabisa, mwaka mzima simsalimii vizuri barazani. Usilipe, kilete hivyo hivyo. Usizibandue kwa mkono zitachanika, na jua usikianike, tia karatasi baina ya kurasa uache ndani pakavu. Na ukipita barazani usiseme kitu mbele ya yule jamaa wa meza ya keram, yule aliyevaa jezi ya Malindi, niachie nizungumze naye mwenyewe.