Re: Kiingereza kinahitaji kiwakilishi kipya?

Ndugu, umeuliza kama Kiingereza kibuni kiwakilishi kipya kwa ajili ya waliobadili jinsia, eti "he" na "she" haviwatoshi. Mimi nasema hapana. Wengi wao wanataka "he" au "she" ya kawaida tu, inayolingana na wanavyojitambua. Wanaokwama hasa ni wale wasiojiona wanaume wala wanawake, na neno lao lipo tayari: "they" kwa mtu mmoja.

Usishtuke kwa kuwa ni neno la wingi. Waingereza wanaitumia hivyo tangu karne ya 14. Mtu akikuta mwavuli umesahaulika ofisini husema "someone left their umbrella", na hakuna anayeuliza ni watu wangapi. Hata "you" ilikuwa ya wingi kabla haijaimeza "thou", "wewe" ya zamani ya mtu mmoja.

Kubuni kumeshajaribiwa. Mmarekani Charles Converse alileta "thon" karne ya 19. Likaingia kamusi ya Webster mwaka 1934, toleo la 1961 likalitupa nje kwa kukosa wasemaji. Mwaka 2019 Merriam-Webster, wachapishaji wa kamusi hiyohiyo, wakaitangaza "they" neno la mwaka. (Waswidi walifanikiwa na "hen" yao, kiwakilishi kisichotaja jinsia, lakini hiyo ni lugha nyingine.)

Sisi wenye "yeye" adha hii tunaionja tukitafsiri. Juzi nilipewa barua: "Jirani amesema atarudisha ngazi kesho." Nikakwama palepale. Jirani mwanamume au mwanamke? Aliyeiandika hapatikani kwa simu. Nikaweka "they", nikaendelea na kazi.